MUSAMARIA ALIKUWA MUSAFIRI
Somo la mwezi: Kutumikia wagonjwa kwa siku chache katika inchi ya wengine

Masomo ya kusoma mbele ya mafundisho: Luka 10.1-9, Luka 10.30-37, Matendo ya Mitume 28.1-10, 2 Wafalme 5.
Aya ya kushika kwa kichwa: Luka 10.35.

 

Tunaleta somo hili kwa sababu ya jambo lililotokea kati yetu hapa Likasi. Wauguzi wane wa kanisa letu, wawili wa Kikula na wawili wa Panda, walileta barua mbele ya wazee. Waliomba ruhusa na baraka ili waende Zambia, ng'ambo ya mupaka wa Kasumbalesa, kwa siku 14, kusaidia katika kituo kidogo cha afya ambako wandugu wa imani wanaomba musaada. Hawakuomba mushahara. Waliomba tuwaombee, na tuwasaidie franga za njia.

Wazee walipoisoma barua ile, maneno yalikuwa mengi. Muzee mumoja alisimama na kusema: "Sisi ni kanisa la maombi. Tangu lini tumeanza kutuma sindano na vidonge?" Muzee wa pili akasema: "Wagonjwa wa Likasi wamekwisha kupona wote, hata tupeleke wauguzi wetu kwa watu wengine?" Halafu mama mumoja, ambaye hasemi mara nyingi, akaomba ruhusa ya kusema. Alisema: "Mimi nimekwisha kuona wageni wa namna hiyo. Walikuja na mabegi ya dawa, wakapiga picha pamoja na watoto wetu, wakaenda. Mutoto wangu alipewa vidonge vya siku tatu. Siku ya ine alikuwa angali mugonjwa, na hakukuwa mutu wa kuuliza. Munataka watoto wetu wakafanye wengine hivyo?"

Tulinyamaza. Maulizo yale matatu hayakuwa ya upinzani, yalikuwa maulizo ya kweli. Tulikubaliana tusijibu siku ile, lakini turudi kwanza kwa Neno la Mungu, na tuangalie vilevile mambo yaliyopita katika inchi yetu. Somo hili ni matunda ya kazi ile.

SEHEMU YA 1: SALA NA DAWA HAZIPIGANI

Katika kanisa letu tunajua nguvu ya maombi. Wengi wetu tuliingia kanisani kwa mulango wa ugonjwa: tulikuja tumebebwa, tukarudi kwa miguu. Hatuwezi kukana jambo lile, na hatuna haya juu yake.

Wababa zetu walitusimulia vilevile habari ya mwaka 1921. Tarehe 6 Aprili mwaka ule, karibu na Nkamba katika Bas-Congo, Simon Kimbangu alianza kazi ya kuombea wagonjwa. Watu walikuja kwa wingi sana, hata lopitali za wamisionari zikaanza kupungukiwa na watu. Serikali ya Wabelgiji ikaogopa. Mwezi wa tisa alifungwa, mwezi wa kumi akahukumiwa kufa, kisha mufalme wa Ubelgiji akageuza hukumu ile kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani karibu miaka 30, hapa kwetu Katanga, na akafa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951.

Kwa sababu ya mateso yale, wengi walianza kufikiri hivi: dawa ni ya wazungu, maombi ni yetu. Lakini Biblia haikupasua mambo namna hiyo. Mufalme Hezekia aliomba na kulia mbele za Mungu, na Mungu akamujibu, lakini nabii Isaya mwenyewe aliagiza walete tini na kuziweka juu ya jipu (Isaya 38.21). Mitume walipotumwa wawili wawili, waliombea wagonjwa na kuwapakaa mafuta (Marko 6.13). Luka, aliyeandika Injili, alikuwa munganga, na Paulo anamutaja kwa upendo (Wakolosai 4.14). Na Paulo huyu, ambaye Mungu alitumia mikono yake kwa maponyo makubwa, alimuacha Trofimo kule Mileto akiwa angali mugonjwa (2 Timoteo 4.20). Hakumuita mutu asiye na imani. 

Tusome sasa Matendo 28. Paulo na wenzake walivunjikiwa mashua, wakafika katika kisiwa cha Malta. Walikaa pale miezi mitatu tu. Baba ya Publio alikuwa na homa na kuhara damu. Paulo aliingia, akaomba, akaweka mikono juu yake, naye akapona. Kisha wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja. Angalieni vizuri: anayesimulia habari ile anasema "sisi". Luka munganga alikuwa katika mashua ile ile. Biblia haituambie kama alitumia dawa pale ao hapana, na sisi hatutaongeza neno. Lakini tunajua kwamba mwenye kuomba na mwenye kujua uganga walisafiri pamoja, na hatusome mahali popote kwamba mumoja alimufukuza mwenzake.

Hapa, wandugu, sisi wazee tunapaswa kukiri kosa. Zamani kidogo, mama mumoja wa kanisa letu alileta mutoto mwenye homa kali. Tuliomba, na ilikuwa vema kuomba. Lakini mama alipouliza kama ampeleke mutoto kwa dispansere, tulimujibu angoje asubuhi, imani isitikisike. Mutoto hakuona asubuhi. Mama yule hakutuacha. Angali anaimba pamoja nasi mpaka leo. Lakini kila mara tunapomuona, tunakumbuka kwamba neno lile la kungoja halikutoka kwa Mungu, lilitoka kwetu. Tangu siku ile tumejifunza kusema: tuombe tukiwa njiani kwenda lopitali.

Munganga Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018, ni mutoto wa muchungaji wa Kipentekote. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alipokuwa mutoto alimufuata baba yake kwenda kuombea wagonjwa. Akamuuliza baba sababu gani anaomba tu bila kutoa dawa. Baba alimujibu kwamba yeye si munganga. Basi mutoto akaamua kwamba atakuwa munganga, ili baba aombe naye atoe dawa. Alisomea Burundi, kisha Angers katika Ufaransa, na mwaka 1989 akarudi Kivu kufanya kazi Lemera. Mwezi wa kumi mwaka 1996 vita viliingia katika lopitali ile, wagonjwa wakauawa katika vitanda vyao. Hakuacha kazi. Mwaka 1999 alifungua lopitali ya Panzi. Muchungaji yule hakupoteza mutoto kwa dawa. Nyumba moja ilizaa maombi na uganga.

Basi jibu kwa muzee wa kwanza ni hili: kanisa la maombi linaweza kutuma wauguzi, kama wanakwenda wakiomba.

SEHEMU YA 2: MUSAFIRI NA MWENYE NYUMBA YA WAGENI

Tunajua sana mufano wa Musamaria mwema. Tumeuhubiri tangu zamani. Lakini mara nyingi tunasimama pale anapofunga vidonda, na hatufike mwisho. Tufuate sasa hatua kwa hatua.

Musamaria alikuwa musafiri. Hakuwa mutu wa muji ule, hakuwa wa kabila la yule aliyelala njiani. Hakuja na lopitali. Alikuwa na vitu vya safari yake: mafuta, divai, kitambaa na punda. Alitumia alichokuwa nacho.

Alikaa usiku mumoja tu. Kesho yake akaendelea na safari. Yesu hamulaumu kwa sababu alikwenda. Kazi ya muda mufupi si zambi, na si kazi ya nusu.

Lakini angalieni namna alivyoondoka. Hakumuacha mugonjwa njiani akiwa na kitambaa kipya. Alimuleta kwa mutu anayekaa pale pale, mwenye nyumba ya wageni. Alitoa dinari mbili, ndiyo kusema mushahara wa siku mbili wa mutu wa kazi, kama tunavyosoma katika Matayo 20.2. Akamuomba amuangalie mugonjwa. Akaahidi kwamba atarudi, na kama kuko deni, atalipa.

Mwenye nyumba ya wageni hana jina katika Biblia. Hakuna anayemuhubiri Siku ya Mungu. Lakini ni yeye aliyebadilisha vitambaa, aliyepika uji, aliyeamuka usiku mugonjwa alipolia. Bila yeye, mafuta na divai ya Musamaria ingekuwa kazi ya saa moja. Wale waliomupa mutoto wa mama yetu vidonge vya siku tatu walikuwa na mafuta na divai. Walikosa kutafuta mwenye nyumba ya wageni. Hawakumuita muuguzi wa mutaa, hawakumuandikia karatasi, hawakumuachia kitu.

Basi mutu anayekwenda kwa siku 14 ajiulize kwanza: mwenye nyumba ya wageni ni nani mahali ninapokwenda? Nitafanya kazi chini yake? Nitamuachia nini? Kama hawezi kujibu, safari yake haijakomaa.

SEHEMU YA 3: TULIYOYAONA KATIKA INCHI YETU

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1960. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni. Siku chache nyuma yake askari wa Force Publique waliasi, na wazungu wengi wakakimbia. Kati yao walikuwa karibu waganga wote wa serikali. Inchi kubwa kama hii ilikuwa karibu bila munganga hata mumoja Mukongomani mwenye diploma ya chuo kikuu, kwa sababu ukoloni haukuwafungulia njia. Waliobaki wakishika lopitali ni wauguzi na wasaidizi wa waganga, wana wa inchi. Shirika la Afya Ulimwenguni, tunaloliita OMS, na Musalaba Mwekundu walituma watu, na makanisa ya inje yakaitika vilevile.

Kati ya walioitika alikuwa Paul Carlson, munganga kijana wa California katika Marekani, wa kanisa linaloitwa Evangelical Covenant. Mwaka 1961 aliacha bibi na watoto wawili kwao, akaja kwa miezi michache tu, kule Ubangi, kaskazini ya inchi yetu. Ulikuwa mwaka muzito. Hapa kwetu, muji ungali ukiitwa Jadotville, na mwezi wa tisa mwaka ule ule askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Irlande walizungukwa hapa na kupigwa vita siku nyingi. Wamama walizaa watoto huku wakisikia bunduki.

Miezi yake ilipokwisha, Carlson alirudi California na kuanza kazi ya uganga, kazi yenye mushahara muzuri. Lakini moyo wake haukutulia. Aliona kwamba kwao mugonjwa akimukosa yeye atapata munganga mwingine. Kule Ubangi akikosa, amekosa kabisa. Alikwenda kujifunza Kifaransa, na mwaka 1963 akarudi pamoja na jamaa yake yote, wakakaa Wasolo. Watu walimuita Monganga Paul.

Mwaka 1964 vita vya Simba viliwaka. Mwezi wa tisa alivusha bibi na watoto wake muto Ubangi, mpaka Afrika ya Kati, kisha akarudi kwa wagonjwa wake. Akakamatwa. Waasi walisema yeye ni askari mukubwa wa Marekani, wakamuhukumu kufa, ingawa hakuwa askari hata kidogo. Tarehe 24 Novemba 1964, asubuhi askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka Stanleyville, ambayo ni Kisangani leo, wafungwa walitolewa katika barabara na kupigwa risasi. Carlson alipigwa akijaribu kupanda ukuta. Alikuwa na miaka 36. Katika Agano Jipya lake walikuta ameandika, siku moja mbele ya kufa, neno moja tu: amani. Alizikwa Karawa, katika udongo wa Kongo.

Wandugu, hatusimulii habari hii ili tumuabudu mutu. Katika vita vile Wakongomani maelfu walikufa, na wengi kati yao ni wauguzi, wachungaji na walimu ambao majina yao hayakuandikwa katika gazeti la inchi yoyote. Mungu anayajua. Tunaisimulia kwa sababu ya mambo matatu.

La kwanza: safari fupi ya 1961 ilifungua macho yake. Asingeonja miezi ile, asingerudi. Safari fupi inaweza kuwa mbegu.

La pili: alirudi. Kama Musamaria, alilipa deni. Si kila mutu ataitwa kurudi, lakini kila mutu anayekwenda awe tayari kusikia sauti ile.

La tatu: kazi haikufa pamoja naye. Nyuma ya kifo chake shirika lenye jina lake lilianzishwa, na kazi ya uganga ikaendelea kule Loko, mikononi mwa Wakongomani pamoja na wageni. Kazi inayokufa mugeni anapoondoka haikuwa na mizizi.

Na hapa Katanga tunaweza kukumbuka Kapanga, ambako Wametodisti walikuwa na lopitali tangu zamani. Munganga wao, Glen Eschtruth, aliuawa mwaka 1977, wakati wa vita vya kwanza vya Shaba. Wauguzi wa Kapanga waliendelea kupokea wagonjwa. Mwenye nyumba ya wageni hakufunga mulango.

SEHEMU YA 4: ROHO YA GEHAZI

Katika 2 Wafalme 5 tunasoma habari ya Naamani, jemadari wa Shamu, aliyekuwa na ukoma. Aliyemuonyesha njia ya kupona ni kijana mwanamuke, mutumwa, aliyechukuliwa mateka. Alikuwa katika inchi ya wengine bila kuchagua, na bado aliwatakia wema. Huyo ndiye mutumishi wa kweli wa inje.

Elisha hakupokea zawadi hata moja. Lakini Gehazi, mutumishi wake, alikimbia nyuma ya gari la Naamani, akasema uongo, akapata fedha na nguo. Ukoma ukamurudia yeye.

Roho ya Gehazi inasafiri vilevile siku hizi. Inakwenda pamoja na timu za wagonjwa, na haina haja ya pasiporti. Inajulikana kwa alama hizi: mutu anakwenda ili apate picha za kuonyesha na kuomba franga. Anakwenda kununua vitu vya biashara Kasumbalesa, wagonjwa wakiwa kisingizio. Anafanya kule kazi ambayo kwao hangekubaliwa kuifanya, akisema moyoni: "Hawa ni maskini, watashukuru tu." Muuguzi asiyepasua mutu Likasi asimupasue mutu Zambia. Mwili wa maskini si daftari ya kujifunzia.

Roho ile inapenda vilevile kutoa dawa zilizopita wakati. Mwaka 1996 OMS na mashirika mengine walitoa kanuni juu ya zawadi za dawa, kwa sababu inchi nyingi zilipokea masanduku yasiyo na faida. Wanasema: dawa iwe ile inayohitajiwa na inayojulikana katika inchi inayopokea, iandikwe kwa luga ambayo waganga wa pale wanaisoma, na ikifika iwe imebaki angalau mwaka mumoja mbele ya tarehe yake ya mwisho. Hapa Likasi tumekwisha kuona sanduku lenye maandiko ambayo hakuna mutu aliweza kuyasoma. Lilikaa pembeni mpaka panya wakalifungua. Aliyelitoa alifikiri ametoa sadaka.

SEHEMU YA 5: MAMBO YA KUFANYA

Mbele ya safari:
a) Ngoja kuitwa. Mutu wa Makedonia aliomba kwanza, ndipo Paulo akavuka (Matendo 16.9). Barua ya mwenyeji itangulie, na iseme wanahitaji nini.
b) Tafuta ruhusa. Kila inchi ina sheria yake juu ya wauguzi. Diploma ya Kongo haifungue mulango wa Zambia yenyewe. Wenye mamlaka ya kule waombwe mapema. Karatasi za mupaka na karti ya manjano ya chanjo ziwe tayari. Dawa usizifiche katika muzigo. Anayeficha kwa forodha amekwisha kuharibu ushuhuda.
c) Jifunze luga. Wengi wetu tunasikia Kibemba, na ni baraka. Lakini karatasi za wagonjwa kule zinaandikwa kwa Kiingereza. Anayesoma vibaya kipimo cha dawa anaweza kuua akiwa na moyo safi.

Wakati wa kazi:
d) Kaa chini ya muuguzi wa pale. Yeye anajua magonjwa ya mutaa, anajua nani ana deni na nani ana huzuni. Bwana aliwaambia wale sabini wakae nyumba moja na kula wanachopewa (Luka 10.7-8). Mugeni anayechagua chakula atachagua wagonjwa vilevile.
e) Omba pamoja na mugonjwa anayekubali, lakini usiweke sala kuwa bei ya dawa. Yesu aliponya wakoma kumi, na mumoja tu akarudi kushukuru. Hakuwarudishia wale tisa ukoma wao.
f) Usiahidi usichoweza. Sema "nitakaa siku 14" tangu siku ya kwanza, wagonjwa wajue.
g) Usipige picha ya mugonjwa bila ruhusa yake. Kama ingekuwa mama yako, ungekubali?
h) Fundisha kinachobaki. Kwa mufano, mutoto anayehara anakufa kwa sababu maji yanatoka mwilini. Mama akijua kutengeneza maji ya kunywa nyumbani, atasaidia mutoto hata kama muko mbali: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa sawasawa bila kilima juu. Anywe kidogo kidogo, mara nyingi, na mama asiache kunyonyesha. Akizidi, ao kama ni kipindupindu, apelekwe upesi kwa kituo, akiendelea kunywa njiani. Fundisho hili halipiti wakati kama vidonge.

Nyuma ya safari:
i) Acha maandiko. Jina la mugonjwa, alichopewa, na siku ya kurudi, vyote viandikwe katika daftari la pale, si katika daftari lako.
j) Toa dinari mbili. Acha kitu kwa mwenye nyumba ya wageni: glavu, sabuni, kifaa cha kupima damu.
k) Rudi na ripoti. Wale sabini walirudi kwa Bwana wakisema yote waliyoona, na furaha yao ikasahihishwa (Luka 10.17-20).

SEHEMU YA 6: NA WAGONJWA WA NYUMBANI?

Ulizo la muzee wa pili lingali. Wagonjwa wa Likasi hawajapona. Tunajua vumbi ya machimbo, tunajua vikohozi vya Shituru, tunajua wamama wanaouza kitambaa cha harusi ili walipe kitanda cha kuzalia. Anayevuka mupaka akimupita mugonjwa wa mulangoni kwake anafanana na kuhani na Mulawi: nao walikuwa na safari muhimu.

Lakini tulikumbuka vilevile kwamba sisi ni watu tuliopokea. Katika miaka ya taabu wengine walivuka mupaka kwa ajili yetu. Kama tunangoja mpaka taabu zetu zikwishe, hatutatoa kamwe. Mujane wa Sarepta hakungoja chupa ya mafuta ijae ndipo amulishe Eliya.

Basi wazee walikutana tena, wakaomba, wakatoa shauri hili. Wauguzi wane wataenda, wawili wawili, si wote kwa wakati mumoja. Mbele ya kwenda, kila mumoja atatumika siku 14 bure katika mutaa wake hapa Likasi, nyumba kwa nyumba, akianzia kwa wazee na wajane. Na akirudi, atatumika tena siku 14. Hivi safari itakuwa katikati ya kazi mbili za nyumbani, kama nyama katikati ya mikate. Kanisa litalipa njia, na kila jamaa ya kanisa italeta kipande kimoja cha sabuni cha kuacha kule.

Mama yule aliyesema juu ya vidonge vya siku tatu tulimuuliza kama anakubali. Alisema: "Ninakubali kama watamutafuta kwanza muuguzi wa pale na kumuita baba ao mama." Tukaandika neno lake katika barua ya ruhusa, na tukalitia namba ya kwanza.

Na yule mama mwingine, ambaye mutoto wake hakuona asubuhi, alileta sabuni mbili.

MAULIZO YA KUJIFUNZA KATIKA VIKUNDI
1. Katika Luka 10.35, mwenye nyumba ya wageni alipewa nini? Katika mutaa wetu yeye ni nani, na sisi tumemupa nini mwaka huu?
2. Trofimo aliachwa mugonjwa Mileto. Jambo hili linatufundisha nini juu ya mutu tunayemuombea na asipone upesi?
3. Ni alama gani za roho ya Gehazi unazoziona katika moyo wako mwenyewe, si wa mwenzako?
4. Nyumbani kwako kuko mutu anayengoja "asubuhi" mbele ya kupelekwa lopitali? Utafanya nini leo?
5. Mama wa nyumba waonyeshe kikundi namna ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi.

SALA
Ee Bwana, uliyetuma sabini wawili wawili, tuma na watu wetu. Uwalinde njiani na katika mupaka. Uwaondolee kiburi cha anayejua na haraka ya anayepita. Ubariki mikono ya wauguzi wanaobaki, ambao hakuna mutu anawaimbia. Utusamehe sisi tuliosema "ngoja" wakati ulisema "nenda". Na siku utakaporudi kulipa deni zote, utukute tungali tukiangalia mugonjwa uliyetuachia. Amina.